Hadithi za katuni na vita vya nyuklia: Mkulima wa Bariadi anahusikaje?

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

KILA ifikapo Agosti 8, wakulima na wafugaji nchini huadhimisha sikukuu yao ya Nane Nane. Kwa miaka mitatu mfululizo, 2018, 2019 na 2020, maadhimisho hayo yalifanyika kitaifa katika viwanja vya Nyakabindi, wilayani Bariadi, mkoani Simiyu.

Ni wachache wanaokumbuka kwamba sikukuu hiyo imekaa katikati ya tarehe mbili nzito katika historia ya dunia. Siku mbili kabla yake, yaani Agosti 6, ni siku ambayo mwaka 1945 Marekani iliudondoshea mji wa Hiroshima nchini Japani bomu la kwanza la atomiki kutumika vitani. Siku moja baada yake, Agosti 9, ni siku ulipopigwa mji wa Nagasaki.

Inakadiriwa kuwa hadi kufikia mwisho wa mwaka huo watu wapatao 140,000 walikuwa wamefariki dunia Hiroshima na wengine wapatao 74,000 Nagasaki. Wengi wao walikuwa raia wa kawaida: wanawake, wazee, wanafunzi na wafanyakazi.

Kwa haraka mtu anaweza kudhani kwamba mkulima wa pamba wa Bariadi hahusiki kwa namna yoyote na habari hizo za mbali. Makala haya yanaeleza kwa nini dhana hiyo haina ukweli, na yanafanya hivyo kwa msaada wa walimu ambao wengi hawakuwatarajia, yaani wachoraji wa hadithi za katuni.

Aliyechora alichokiona

Mchoraji anayetajwa kwanza kila panapozungumzwa suala hili ni Keiji Nakazawa wa Japani. Alizaliwa Hiroshima mwaka 1939 na siku ya bomu alikuwa mtoto wa miaka sita aliyekuwa akienda shule. Ukuta wa shule ulimkinga na mwale wa moto, ingawa alikuwa umbali wa kilomita moja na kidogo tu kutoka pale bomu lilipolipukia angani.

Baba yake, dada yake na mdogo wake wa kiume walifia katika nyumba yao iliyoporomoka na kushika moto. Mama yake, aliyekuwa mjamzito, alijifungua siku hiyohiyo. Mtoto huyo wa kike naye hakuishi muda mrefu.

Nakazawa alikua akawa mchoraji wa katuni mjini Tokyo, na kwa miaka mingi hakutaka kuligusa jambo hilo katika kazi zake. Kilichombadilisha ni kifo cha mama yake mwaka 1966. Baada ya mwili kuchomwa kwa desturi ya Kijapani, familia hukusanya mifupa iliyobaki, lakini ya mama yake ilikuwa imesagika ikawa majivu. Mchoraji huyo aliamini kwamba mionzi ilikuwa imemfuata mama yake hadi kwenye mifupa, na tangu hapo akaamua kuchora.

Mwaka 1973 alianza kuchapa katika jarida moja la kila wiki la watoto hadithi yake ndefu, Hadashi no Gen, maana yake Gen Miguu Mitupu. Hatimaye ilikamilika katika juzuu kumi. Kuanzia mwaka 1976 kundi la watu waliojitolea lilianza kuitafsiri kwa Kiingereza, na baadaye ikaenea katika lugha nyingine nyingi. Nakazawa alifariki dunia Desemba 2012 kwa saratani ya mapafu.

Msomaji anayeifungua hadithi hiyo akitarajia milipuko hushangaa. Mlipuko wenyewe unachukua kurasa chache. Kurasa nyingi zinazobaki zinahusu kutafuta mchele, kutafuta maziwa ya mtoto mchanga, kutafuta pa kulala, kuibiwa, kulanguliwa na kunyimwa. Vita vimekwisha, lakini njaa ndiyo kwanza inaanza.

Jambo jingine ambalo msomaji wa Usukuma atalitambua mara moja ni ngano. Mwanzoni mwa hadithi, baba yake Gen huwafundisha wanawe kuwa kama mmea wa ngano, ambao hukanyagwa ukiwa mchanga wakati wa baridi na bado hukita mizizi, ukainuka na kuzaa. Familia hiyo ya mjini ilikuwa na kishamba chake, na tumaini lake lote liliwekwa katika mmea wa chakula.

Wizi wa samaki mmoja

Hadithi hiyo haikupokelewa kwa moyo mmoja hata huko ilikozaliwa. Mwishoni mwa mwaka 2012, mamlaka ya elimu ya mji wa Matsue iliagiza shule ziiondoe katika rafu za wazi za maktaba, kwa maelezo kwamba baadhi ya picha zake ni za kutisha mno kwa watoto. Wananchi walipinga na agizo likafutwa Agosti 2013.

Mwaka 2023 ikawa zamu ya Hiroshima yenyewe. Bodi ya elimu ya mji huo iliamua kuiondoa katika vitabu vya kufundishia somo la amani. Miongoni mwa sehemu zilizoleta mjadala ni ile ambayo Gen anaiba samaki katika bwawa la jirani ili mama yake mjamzito, aliyedhoofu kwa kukosa lishe, apate chakula. Ilielezwa kwamba watoto wa leo wangeshindwa kulielewa tukio hilo.

Hapo ndipo penye uzito wa suala lenyewe. Hadithi ya raia katika vita vya nyuklia haiwezi kusimuliwa bila njaa. Anayeondoa wizi wa samaki yule kwa kuogopa kuwachanganya watoto, huondoa pia sababu iliyomfanya mtoto mwadilifu awe mwizi.

Kijitabu cha serikali

Upande wa Ulaya, kazi iliyotikisa watu ni ya Mwingereza Raymond Briggs, iitwayo When the Wind Blows, iliyotoka mwaka 1982 na kufanywa filamu mwaka 1986. Wahusika wake ni wawili tu: Jim na Hilda, mume na mke wastaafu wanaoishi shambani.

Mwaka 1980 serikali ya Uingereza ilikuwa imechapisha kijitabu cha kuwaelekeza wananchi namna ya kujikinga majumbani endapo vita vya nyuklia vingezuka. Katika hadithi ya Briggs, Jim anachukua vijitabu vya namna hiyo maktaba na kufuata kila agizo kwa utii. Anang'oa milango ya nyumba na kuiegemeza ukutani ili iwe kibanda cha kujificha. Anapaka madirisha rangi nyeupe.

Bomu linapopigwa, wote wawili wananusurika. Maji ya bomba yanakatika, redio haisemi kitu, muuza maziwa hapiti tena. Wanakinga maji ya mvua na kuyanywa, bila kujua kwamba mvua hiyo imebeba vumbi la mionzi. Nywele zinaanza kunyonyoka. Hadi mwisho wanaamini kwamba serikali itakuja kuwaokoa.

Briggs hawakejeli wazee hao. Anaonyesha jinsi watu wema wanavyoweza kuangamia kwa kuamini maelekezo yaliyoandikwa ili kuwatuliza badala ya kuwaeleza ukweli. Kwa Nakazawa, tatizo lilifanana na hilo: baada ya vita, majeshi ya Marekani yaliyoikalia Japani yaliweka udhibiti wa habari, na kwa miaka kadhaa manusura walizuiwa kueleza hadharani yaliyowapata.

Kazi ya tatu ya kutajwa ni ya Fumiyo Kouno, mwanamke aliyezaliwa Hiroshima zaidi ya miaka 20 baada ya vita. Katika hadithi yake iliyotoka kama kitabu mwaka 2004, binti mmoja anaonekana amekwisha kupona kabisa. Anafanya kazi na anapendwa, kisha anaugua na kufariki miaka kumi baada ya bomu. Kouno haonyeshi moto wala maiti nyingi. Anachoonyesha ni hatia ya aliyebaki hai, na hofu ya jamii kwa walioguswa na mionzi, ambao wengi walinyimwa kazi na wachumba.

Udongo wa Katanga

Kabla ya kurudi Bariadi, ni vyema ikafahamika kwamba Hiroshima na eneo letu la Maziwa Makuu vimeunganishwa kwa udongo. Sehemu kubwa ya uraniamu iliyotumiwa na Marekani katika mradi wa kutengeneza mabomu ya kwanza ilichimbwa Shinkolobwe, katika jimbo la Katanga, Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku.

Mgodi huo ulikuwa chini ya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Mkuu wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York na kuyahifadhi ghalani, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Waliochimba na kubeba mawe yale walikuwa Waafrika, ambao hakuna aliyewaambia yangetumika kwa kazi gani.

Hivyo, anayesema kwamba nyuklia ni mambo ya Wazungu na Wajapani anasahau nusu ya hadithi.

Bomu lisilofika Bariadi

Hakuna sababu ya kijeshi ya taifa lolote kuelekeza kombora Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima au Busega. Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, mkoa huo una watu zaidi ya milioni mbili, na wengi wao wanaishi kwa kilimo na ufugaji. Je, wangesalimika?

Wanasayansi wamekuwa wakilijibu swali hilo tangu mwaka 1983, pale kundi la watafiti wa Marekani, akiwamo Carl Sagan, lilipotangaza hoja ya "baridi ya nyuklia". Hoja yenyewe si ngumu kuelewa. Miji ikipigwa huungua, na miji inayoungua hutoa masizi mengi mno. Joto la moto huyapandisha masizi hayo juu kuliko mawingu ya mvua. Yakifika huko mvua haiwezi kuyaosha, kwa hiyo hutanda na kuizunguka dunia kwa miaka kadhaa, yakilizuia jua.

Dunia imewahi kuonja kitu cha namna hiyo kwa kiwango kidogo. Mwaka 1815 mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka. Mwaka uliofuata, sehemu kubwa za Ulaya na Amerika Kaskazini hazikupata kiangazi, mazao yakaharibika na watu wakafa njaa katika nchi ambazo hazikuwa zimewahi hata kusikia jina la mlima huo.

Agosti 2022, watafiti wakiongozwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, walichapisha katika jarida la Nature Food hesabu za kile ambacho kingetokea kwenye chakula. Walipima hali mbalimbali, kuanzia vita vidogo vya kurusha angani tani milioni 5 za masizi hadi vita vikubwa vya tani milioni 150.

Katika vita vidogo kabisa, chakula kinachotokana na mazao duniani kingepungua kwa wastani wa asilimia 7 ndani ya miaka mitano. Katika vita vikubwa kati ya Marekani na Urusi, kingepungua kwa takriban asilimia 90 ndani ya miaka mitatu hadi minne, na watu zaidi ya bilioni tano wangeweza kufa njaa. Vita kati ya India na Pakistan peke yake vingeweza kuua zaidi ya watu bilioni mbili kwa njia hiyohiyo.

Wengi wa watakaokufa, kwa mujibu wa hesabu hizo, ni watu wa nchi ambazo hazijapigwa hata risasi moja.

Kwa mkoa kama Simiyu, ambao mvua zake hata katika miaka ya kawaida si za kutegemewa, maelezo hayo yana maana ya moja kwa moja. Jua likififia, mvua nazo hupungua, kwa sababu mvua ni maji ambayo jua limeyafukiza kutoka baharini na ziwani. Wiki chache tu za kuchelewa kwa mvua zinatosha kumharibia msimu mkulima wa mahindi.

Kuna pia njia ya pili ambayo vita hivyo vingefika Bariadi, nayo ni barabara. Tanzania huagiza nje mafuta yote ya magari, sehemu kubwa ya ngano na sehemu kubwa ya mbolea. Vita vya Urusi na Ukraine vilivyoanza Februari 2022, ambavyo havikutumia silaha za nyuklia, vilitosha kupandisha bei ya mafuta kiasi cha serikali kutenga Sh100 bilioni za ruzuku mwezi Juni mwaka huo, na kisha kuanzisha ruzuku ya mbolea katika msimu wa 2022/2023.

Simiyu ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa pamba, na pamba hailiwi. Kaya nyingi huuza pamba ili zipate fedha za ada, za matibabu na za kununulia nafaka ghala linapokauka. Nyuzi za pamba hiyo kwa sehemu kubwa huuzwa nje ya nchi. Viwanda vya nje vikifungwa na meli zikisimama, mkulima atabaki na marobota asiyoweza kuyapika.

Michembe, ghala na ngitili

Ukweli huo haumaanishi kwamba hakuna la kufanya. Ukiwasoma Nakazawa na Briggs kwa makini, utaona kwamba kinachoamua nani aishi ni vitu vinne: chakula kilichohifadhiwa, maji salama, jirani mwema na habari za kweli. Katika vitu hivyo, mwananchi wa Usukuma haanzi mikono mitupu.

Viazi vitamu vinavyokatwa vipande vikiwa vibichi na kuanikwa, yaani michembe, na vile vinavyochemshwa kwanza kisha kukaushwa, yaani matobolwa, ni teknolojia ya kukabili njaa ambayo haihitaji umeme, mafuta wala kiwanda. Mtama na uwele huvumilia ukame kuliko mahindi, ingawa vijana wengi wamezoea ugali wa sembe.

Vivyo hivyo kwa ngitili, desturi ya kutenga eneo la majani na miti wakati wa masika ili mifugo ilishwe humo wakati wa kiangazi. Ngitili nyingi zilikuwa zimetoweka, hadi pale mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986 kuzirejesha. Wakati huo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, kwani Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi mwaka 2012.

Hata hivyo, tusijidanganye. Michembe iliyohifadhiwa vizuri huivusha kaya msimu mmoja, wakati baridi ya nyuklia ingedumu kwa miaka. Akiba ya familia lazima iungwe mkono na ghala la kijiji, na ghala la kijiji liungwe mkono na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA). Mbegu za mazao ya asili nazo zinahitaji kutunzwa, kwani ghala lililokwisha hujazwa tena kwa mbegu.

Kuhusu mionzi, nchi ina Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC), iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003, ambayo pamoja na kazi nyingine hupima mionzi katika vyakula. Wananchi wengi hawafahamu kwamba chombo hicho kipo. Ni muhimu wakakifahamu mapema, ili siku ya hofu wajue ni sauti gani ya kusikilizwa, wasije wakawa kama Jim na Hilda.

Katuni zetu zinaweza

Je, katuni ni chombo kinachofaa kwa mafunzo mazito kiasi hicho? Historia ya Tanzania inajibu kwamba ndiyo. Wasomaji wa gazeti la Uhuru wa miaka ya nyuma watamkumbuka Chakubanga wa mchoraji Christian Gregory, ambaye alisema ya mtaani huku akichekesha. Jarida la Sani liliwafanya Ndumilakuwili na Lodi Lofa kuwa kama majirani wa kila nyumba. Godfrey Mwampembwa, maarufu kama Gado, alitoka Dar es Salaam na kuwa mmoja wa wachoraji wanaosomwa zaidi Afrika Mashariki kupitia magazeti ya Kenya.

Katuni na hadithi za picha zimekwisha kufanya kazi ngumu pia. Wakati wa vita dhidi ya UKIMWI, jarida la Si Mchezo! lilipeleka vijijini mazungumzo ambayo wazazi wengi waliona haya kuyaanza, ukiwamo unyanyapaa kwa wagonjwa. Unyanyapaa huo unafanana sana na ule waliotendewa manusura wa Hiroshima.

Sababu ya mafanikio hayo inaeleweka. Takwimu ya watu bilioni tano haiingii kichwani mwa mtu yeyote. Lakini bibi anayehesabu vipande vya michembe vilivyobaki na kuvigawa kwa wajukuu, dereva wa bodaboda aliyeegesha pikipiki yake kwa kukosa mafuta, na mwenye duka anayefuta vumbi katika rafu tupu, ni watu ambao msomaji wa Bariadi anawafahamu kwa sura.

Hadithi ya namna hiyo haihitaji kuchora mlipuko hata mmoja. Inahitaji mchoraji anayejua jiko la Kisukuma linavyofanana wakati wa uhaba, na mhariri ambaye hatakiondoa kisa cha mtoto aliyeiba kwa njaa.

Wapiganapo tembo

Afrika imekwisha kuchagua upande wake. Mkataba wa Pelindaba, unaolifanya bara zima kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulisainiwa mjini Cairo Aprili 11, 1996 na kuanza kutumika Julai 15, 2009. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizouridhia. Afrika Kusini, iliyowahi kuwa na mabomu yake, iliyateketeza yenyewe kabla ya mkataba huo.

Lakini mkataba huo hauwezi kuyazuia masizi yasivuke mpaka, na wala hauwezi kuamuru mvua zinyeshe. Wahenga walinena kwamba wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Katika vita vya namna hii nyasi zingeumia hata zile ambazo tembo hawakuzikanyaga, kwa kukosa jua tu.

Ndiyo maana Nane Nane ijayo, wakulima watakapokuwa wakitazama mbegu na zana mpya, si vibaya wakakumbuka pia tarehe zilizoizunguka sikukuu yao. Mtoto Gen aliambiwa na baba yake awe kama ngano. Mtoto wa Bariadi anahitaji kuambiwa jambo hilohilo kwa mmea anaoujua, na mapema, wakati ghala bado lina kitu.